Julia si Msichana: Lugha ya Kompyuta kwa Hesabu Nzito

Asubuhi moja penye kibanda cha mahamri, mama mmoja jirani yetu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, kijana wangu tangu arudi kutoka chuo haachi kumtaja Julia. Usiku kucha yuko na Julia, asubuhi macho mekundu. Huyu ni msichana wa wapi?" Nilimwambia astarehe, Julia si msichana, ni lugha ya kompyuta. Hakustarehe sana. Akaniuliza kama lugha hiyo ina kazi, au ni kupoteza karo. Nikamwahidi nitaandika, yeye asomewe na mwanawe, na wengine wenye swali kama lake wapate jawabu papo hapo.

Mimi nasomesha hesabu. Si mtengenezaji wa programu kwa kazi, na Julia nilijifunza ukubwani kwa sababu ya aibu niliyoipata kwa ami yangu, kisa nitakachokieleza hivi punde. Lakini kwanza tujue hiki kitu ni nini.

Julia ni lugha ya kuandikia programu, iliyoundwa mahsusi kwa hesabu nzito: hali ya hewa, mawimbi, nyota, dawa, uchumi, miundo ya madaraja, kila jambo ambalo kulijua lahitaji kufanya mamilioni au mabilioni ya hesabu ndogo ndogo. Ilianza kutengenezwa mwaka 2009 na watu wanne: Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman. Edelman ni profesa wa hesabu pale MIT, Marekani, na Bezanson alikuwa mwanafunzi hapo hapo. Waliitangaza kwa watu tarehe 14 Februari 2012, na toleo la 1.0, yaani lile la kusema sasa lugha imekomaa, likatoka Agosti 2018. Ni programu huria: haiuzwi, haina leseni ya kulipia kila mwaka, na anayetaka kuifungua aone ndani yake imeshonwaje hazuiwi. Jina lenyewe halina fumbo lolote, lilipendeza tu.

Swali la haki ni hili: lugha za kompyuta zimejaa tele, ya nini kuongeza nyingine?

Tangu zamani watu wa sayansi wameishi na lugha mbili ndani ya nyumba moja. Ya kwanza ni ile nyepesi kuandika, kama Python, R au MATLAB. Waiandika leo, waona jawabu leo, ukikosea warekebisha papo hapo. Lakini lugha hizi, zikipewa kitanzi kirefu cha hesabu, huchoka. Ya pili ni ile ya mbio, kama C au Fortran. Fortran ndiyo bibi wao: IBM waliitoa mwaka 1957, chini ya uongozi wa John Backus, na mpaka leo haijastaafu. Modeli ya hali ya hewa iitwayo WRF, inayotumiwa katika nchi nyingi duniani, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran. Shida ya lugha hizi za mbio ni kwamba ni kali. Zataka uambie mashine kila kitu mapema, na mtu wa baiolojia au uchumi hana subira hiyo.

Basi ikawa desturi: mtaalamu aandika wazo lake kwa lugha nyepesi, likishathibitika anatafutwa fundi wa kuliandika upya lote kwa lugha ya mbio. Kazi mara mbili, makosa mara mbili, na mwenye wazo hawezi tena kuisoma programu yake mwenyewe. Hata Python ikionekana kufanya hesabu haraka kupitia maktaba yake ya NumPy, ukichungulia ndani utaikuta C ndiyo inayosukuma. Wale wanne walitaka lugha moja ifanye yote mawili, nyepesi kuandika na ya mbio kukimbia. Hilo ndilo dai la Julia, na kwa sehemu kubwa, kwa niliyoyaona mwenyewe, ni dai la kweli.

Sasa kisa cha ami.

Ami yangu huvua hori la Tudor, upande wa Jomvu Kuu, ndani kule kwenye mikoko. Dau lake hulitia kwenye mtaro mwembamba ambao maji yakijaa ni njia, na yakipwa ni tope tupu. Kujua saa ya maji kwake si hesabu ya darasani. Akichelewa nusu saa, dau limepwelewa, na hapo ni kukaa juani mpaka maji yarudi, samaki nao wakiharibika.

Mimi kwa kujiona msomi nikasema nitamtengenezea karatasi ya saa za maji za mwezi mzima. Kwa nadharia si jambo gumu. Bahari hujaa na kupwa kwa mdundo ambao ni jumla ya midundo mingi. Mdundo mkubwa kuliko yote ni wa mwezi, saa 12 na dakika 25. Wa pili ni wa jua, saa 12 kamili. Midundo hii miwili ikikutana kilele kwa kilele, ndilo bamvua. Kilele cha mmoja kikiangukia bonde la mwingine, ndiyo maji mafu. Ukipiga hesabu, kutoka bamvua moja hadi la pili ni siku 14 na robo tatu hivi, jambo ambalo ami alilijua kwa kutazama mwezi kabla mimi sijazaliwa. Midundo mingine ni midogo zaidi, na kazi ya kawaida ya kutabiri maji huchukua kama 37. Katika miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba ya kujumlisha midundo hii. Mimi nikachukua vipimo vya maji vya Mombasa, ambavyo University of Hawaii Sea Level Center huviweka wazi bila malipo, nikaviongezea saa tatu kwa kuwa vimeandikwa kwa saa za Greenwich, nikaandika programu kwa Python. Midundo 37 kwa kila dakika ya mwaka ni hesabu milioni 19 na kidogo. Kompyuta yangu kuukuu ikahema kidogo, jawabu likatoka. Nikachapa karatasi, nikampelekea.

Siku ya nne dau likapwelewa.

Hakunigombeza. Nilipokwenda kumwamkia, "Shikamoo ami," akaitika marahaba kama kawaida, akaniandalia kahawa. Kisha nikaona karatasi yangu imefungiwa tangawizi juu ya meza. "Mwanangu," akasema, "hayo ni maji ya Kilindini. Huku kwetu maji hufika yamechoka."

Kosa lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kipimo kiko bandarini. Maji ya kuingia mtaroni kwa ami yapita mlangoni, yapinda, yasambaa kwenye mikoko, yakwaruzana na tope, yachelewa, na kutoka kwake si sawa na kuingia kwake. Kuyajua hayo huwezi kujumlisha midundo ukaridhika. Yabidi uyatie maji yenyewe ndani ya kompyuta: ulikate eneo lote vipande vipande kama mraba wa bao, kila kipande uhesabu kina chake na mwendo wa maji yake, kisha usogeze saa mbele kidogo, uhesabu tena vyote.

Hapa ndipo uzito wa neno "hesabu nzito" ulinishukia. Nilichukua eneo la kilomita 20 kwa 20, vipande vya mita 50. Hivyo ni vipande 160,000. Wimbi penye kina cha mita 20 husafiri kama mita 14 kwa sekunde, kwa hivyo huruka kipande kizima kwa sekunde tatu na nusu, na ukisogeza saa kwa hatua kubwa kuliko hapo hesabu hulipuka, maji yapanda mpaka mbinguni. Nikachukua hatua ya sekunde 2. Siku moja ina hatua 43,200. Zidisha kwa vipande, wapata karibu bilioni 6.9 kwa siku moja tu ya maji. Kutoka bamvua hadi bamvua, karibu bilioni 100. Na kila moja ya hizo si hesabu moja, ni kundi zima la kujumlisha na kuzidisha.

Programu yangu ya Python niliiwasha baada ya magharibi. Asubuhi nilipoamka ilikuwa haijamaliza hata siku moja. Niseme haki: ziko njia za kuiongezea Python kasi, NumPy niliyoitaja na nyingine iitwayo Numba, na mtu aliyeizoea Python aanze huko. Lakini mikoko ilinishinda. Kila kipande kilikuwa na masharti yake, hiki kimekauka, hiki kina maji, hiki kina mizizi, na kila nilipojaribu kuyapanga masharti hayo kwa mtindo unaoupendeza NumPy, programu ikawa fumbo ambalo mimi mwenyewe sikulisoma tena. Ndipo mwanafunzi wangu mmoja wa zamani akaniambia, mwalimu, jaribu Julia.

Nikaiandika upya wikendi moja. Nikaiwasha. Ikaenda kama kobe.

Nilikasirika, na najua wengi huishia hapo hapo wakasema Julia ni maneno matupu. Kumbe nilikuwa nimeandika hesabu zote wazi, nje ya fanksheni yoyote, na vigezo vyangu vyote vikielea bila kwao. Nikazifunga hesabu zile zile ndani ya fanksheni, bila kubadili hata moja, na siku nzima ya maji ikamalizika kabla chai haijachemka. Sikuamini. Nilirudia mara tatu.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Jawabu ndilo moyo wa lugha yenyewe.

Lugha kama Python husoma mstari na kuutenda, husoma mwingine na kuutenda, na kila ikikutana na kujumlisha huuliza upya: hivi viwili ni nini, namba kamili, namba ya desimali, au maneno? Ukiwa na bilioni ya kujumlisha, ni maswali bilioni. Julia hufanya vingine. Mara ya kwanza unapoiita fanksheni, huzitazama aina za vitu ulivyoipa, hufuatilia ndani yote kujua nini kitakuwa aina gani, kisha hutafsiri fanksheni nzima kwa lugha ya mashine, kwa ajili ya aina hizo hasa. Kazi hiyo ya kutafsiri huifanya kwa msaada wa mtambo uitwao LLVM, ambao pia hutumiwa na kompaila ya C iitwayo Clang. Mara ya pili hakuna tena maswali, ni mbio tu. Lakini kigezo kinachoelea nje ya fanksheni chaweza kubadilishwa aina wakati wowote na mtu yeyote, kwa hivyo Julia haithubutu kukiamini, nayo hurudi kwenye maswali. Ndiyo maana anayeanza huambiwa neno moja kabla ya yote: tia hesabu zako ndani ya fanksheni. Mimi sikuambiwa.

Jambo la pili, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, nitalieleza kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili chalieleza vizuri kuliko vitabu nilivyosoma. Chukua kitenzi kuvunja. Twasema "mtoto amekivunja kikombe", na twasema "maji yameuvunja ukuta". Kitenzi ni kimoja, lakini umbo lake halikutokana na mtendaji peke yake. Kuna *a* ya mtoto na *ki* ya kikombe, kuna *ya* ya maji na *u* ya ukuta. Msemaji huwatazama wote wawili, mtendaji na mtendwa, ndipo achague umbo.

Lugha nyingi za kompyuta humtazama mtendaji tu. Fanksheni ni mali yake yeye, wengine ni wageni. Julia huwatazama wote. Fanksheni moja, tuseme kuzidisha, yaweza kuwa na maumbo mengi, na Julia huchagua umbo kwa kuangalia aina za vitu vyote vinavyoingia. Namba kwa namba, njia hii. Namba kwa jedwali la namba, njia ile. Jedwali kwa jedwali, njia nyingine. Tuseme una majedwali mawili ya namba, kila moja safu 1,000 kwa 1,000. Kuyazidisha kwa njia ya kawaida ni hesabu bilioni moja. Lakini ikiwa moja lina namba kwenye mshazari wake tu na kwingine kote ni sifuri, na umelitaja hivyo, Julia huchagua njia ya mkato yenye hesabu milioni moja. Wewe umeandika alama ile ile ya kuzidisha.

Faida yake huonekana pale watu wasiojuana wanapokutana. Kuna kifurushi cha Julia cha kushughulikia namba zenye shaka, mfano mita 3.2 ikiwa na kosa la sentimita 10 juu au chini. Kuna kifurushi kingine mashuhuri, DifferentialEquations, cha kutatua milinganyo ya vitu vinavyobadilika na wakati. Ukizitia namba zenye shaka ndani ya mlinganyo, zapita, na jawabu latoka likiwa na shaka yake. Mimi kina cha mtaro wa ami nilikipima kwa upondo, nikiwa nimesimama kwenye dau linaloyumba, kwa hivyo shaka ninayo ya kutosha.

Madogo yako mengi, nayapitia haraka. Julia huhesabu orodha kuanzia moja, si sifuri, kama Fortran na kama mtu wa kawaida. Watu wa C na Python hulalamika sana juu ya hili. Mimi lilinifaa kwa sababu moja ndogo. Ami hasomi saa za Kizungu, ukimwandikia 4:10 yeye aona saa nne na dakika kumi, na huo ni msiba mwingine. Ilinibidi nizigeuze saa za kompyuta ziwe saa zetu. Julia ina fanksheni iitwayo mod1, ambayo hugawa na kutoa baki, ila badala ya baki kuanzia sifuri huanzia moja. Kwa hivyo mod1(saa - 6, 12) ndiyo saa ya Kiswahili. Kompyuta ikisema 13, yatoka 7, saa saba mchana. Ikisema 18, yatoka 12, saa kumi na mbili jioni. Ikisema 0, yatoka 6, saa sita usiku. Mstari mmoja, bila masharti. Waliobuni Julia hawakutufikiria sisi, lakini nguo imetukaa.

Pia yakubali majina ya herufi za kila aina. Waweza kuandika π ikajua ni pai, waweza kuita kigezo η kama kilivyo kwenye vitabu vya mawimbi, waweza kukiita kina_cha_maji. Nilijaribu hata herufi za Kiarabu, kwa jinsi marehemu babu alivyoandika Kiswahili kwenye barua zake, na programu ikakubali bila neno. Sikupendekezi, maana mstari unaokwenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja wachosha macho, lakini nilifurahi kuona yawezekana.

Kama kuna anayedhani ni mchezo wa wanafunzi, mambo yaliyofanywa kwa Julia ni mazito. Mwaka 2017 watafiti wa mradi wa Celeste waliitumia kwenye kompyuta kuu iitwayo Cori, huko California, kuchambua picha za anga za kiasi cha terabaiti 178. Waliorodhesha nyota na magalaksi milioni 188 kwa dakika 14 na ushei, na kilele cha kasi yao kilikuwa petaflopi 1.54, yaani zaidi ya hesabu milioni moja mara bilioni moja kwa kila sekunde. Kabla ya hapo kasi ya namna hiyo ilizoeleka kuwa ya C, C++ na Fortran. Benki kuu ya Marekani, tawi la New York, mwaka 2015 iliihamisha modeli yake ya uchumi kutoka MATLAB kwenda Julia. Mfumo wa ACAS X, wa kuzuia ndege zisigongane angani, ulielezwa kwa Julia wakati wa kubuniwa kwake. Na kwa sisi watu wa bahari, kuna Oceananigans, programu ya kuiga mwendo wa maji ya bahari, iliyozaliwa katika mradi wa hali ya hewa uitwao CliMA. Nimeitazama. Ni kubwa kuliko haja yangu ya mtaro mmoja, lakini nilijifunza mengi kwa kusoma tu jinsi ilivyoandikwa, na hilo ni jambo ambalo kwa programu za Fortran sikuwahi kuliweza. Mwaka 2019 Bezanson, Karpinski na Shah walipewa tuzo ya James H. Wilkinson, ambayo hutolewa kwa programu bora za hesabu.

Sasa kasoro, maana mama jirani ameuliza kuhusu karo.

Ya kwanza ni kule kutafsiri kwa mara ya kwanza, kunakogharimu muda. Ukiwasha Julia na kutaka mchoro mmoja tu, zamani ungengoja mpaka ukasahau ulichotaka kuchora. Watu walikuwa wakilitania jambo hili miaka mingi. Toleo la 1.9 la mwaka 2023 lilianza kuhifadhi tafsiri za vifurushi kwenye diski, na hali sasa ni afadhali sana, lakini kwa programu ndogo ya kuwasha na kuzima kila saa, Python bado ni bora. Ya pili, hutafuna kumbukumbu ya kompyuta. Ya tatu ni ya ndani zaidi: uhuru ule wa vifurushi visivyojuana kufanya kazi pamoja una upande wake wa giza. Mara nyingine vyakutana vibaya, na badala ya kukataa vyatoa jawabu lisilo sahihi kimya kimya. Mwaka 2022 yalitokea malalamiko makubwa juu ya hili, kutoka kwa watu walioitumia lugha hiyo miaka na kuipenda. Mengi yamerekebishwa tangu hapo. Hata hivyo mimi kila jawabu hulilinganisha na jambo ninalolijua kwa njia nyingine, na ningefanya hivyo kwa lugha yoyote.

Ya nne ndiyo ya mama. Kazi. Matangazo ya kazi ninayoyaona hapa kwetu hutaka Python, Java, JavaScript. Julia hutajwa kwa nadra. Akili bandia nayo karibu yote yazungumza Python. Kwa hivyo kijana anayetaka kuajiriwa mwakani na kampuni ya kawaida, Python kwanza, Julia baadaye. Lakini kijana anayekwenda kwenye sayansi yenyewe, bahari, hali ya hewa, fizikia, uhandisi, takwimu za magonjwa, namshauri asiiogope. Chuo kinachomsomesha Julia hakijamdanganya. MATLAB ni nzuri, lakini leseni yake ni ya kununua, na nimewaona wanafunzi wakiisoma chuoni kwa miaka minne kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu kompyuta yao haina. Kilichoandikwa kwa Julia hubaki na mwenyewe.

Kuianza hakuna siri. Hupakuliwa kutoka julialang.org, kwa Windows, Mac na Linux. Faili ni zaidi ya megabaiti 100, na vifurushi vya kuchorea vyaongeza, kwa hivyo ifanye mahali penye waifai, usimalize bando yako. Ndani yake mna chombo cha kusimamia vifurushi, Pkg, ambacho huandika katika faili vifurushi vyote ulivyotumia na matoleo yake, ili mwenzako Lamu akiifungua kazi yako apate jawabu lile lile ulilopata wewe. Matoleo yote ya 1 yameahidiwa kuelewana, kilichoandikwa mwaka 2018 chatarajiwa kwenda leo. Na chombo kimoja kidogo cha kukizoea mapema ni neno @time, ambalo ukiliweka mbele ya amri hukuambia imechukua sekunde ngapi na kumbukumbu kiasi gani. Mimi lingeniokoa usiku mzima wa kuilaumu lugha bure.

Ami hupokea karatasi yake kila mwezi ukiandama. Ina safu mbili, maji ya Kilindini na maji ya mtaroni, na saa zake ni za Kiswahili. Siku za maji mafu twaelewana vizuri. Bamvua bado lanisumbua, hasa wakati wa kusi, maji hufika mtaroni mapema kuliko nisemavyo, na nadhani ni upepo, ambao sijautia bado. Yeye ameanza kuandika kwa penseli ubavuni, kila siku anapotoka, saa aliyoona tope la kwanza limefunikwa. Mwezi uliopita alinirudishia karatasi yenye alama 22. Nimeziingiza zote.